Kabla ya Kubadili Dozi, Hakiki Kipimo

Ukipima sukari nyumbani asubuhi ukakuta 14, ilhali jana saa kama hiyo ilikuwa 7 na hukula tofauti, usikimbilie kuongeza dawa. Nawa mikono, uikaushe vizuri, kisha pima tena kwa kidole kingine. Namba ya pili ikishuka hadi karibu na ya jana, basi kilichopanda si sukari ya mwili. Mtu anayetumia insulini akiongeza dozi kwa sababu ya namba isiyo ya kweli anaweza kushukiwa na sukari hadi kupoteza fahamu. Ndiyo maana kuhakiki kipimo ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Kijiti cha kupimia kina kimeng'enya kinachoitikia glukosi. Damu ikigusa ncha yake, kimeng'enya hicho huibadilisha glukosi na kuzalisha umeme kidogo sana, nao mashine huusoma na kuutolea namba kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Tone linalotumika ni dogo mno: mashine nyingi za leo huhitaji maikrolita moja au pungufu. Tone la maikrolita moja lenye sukari ya 5 lina glukosi takriban maikrogramu 0.9, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Likiongezewa maikrogramu moja tu kutoka kwenye ngozi, mashine itasoma zaidi ya 10, maana haina namna ya kutofautisha glukosi iliyotoka mwilini na iliyokuwa juu ya kidole.

Kwa watu wa Kyimo, wilayani Rungwe, Tanzania, jambo hili ni la kila siku. Mikungu ya ndizi hupangwa kando ya barabara ya Uyole–Tukuyu–Kasumulu, malori hupakia, na abiria hununua ndizi mbivu kupitia madirisha ya mabasi. Ndizi mbichi ya kupika ni wanga zaidi, ila ikiiva, sehemu kubwa ya wanga huo hugeuka sukari, glukosi ikiwamo. Anayeuza au kumenya ndizi mbivu hubaki na utamu vidoleni hata kama mikono inaonekana safi. Asali ni vivyo hivyo. Parachichi halina shida kubwa kwa kuwa sukari yake ni kidogo, lakini kunawa ni lazima vilevile.

Wapo wanaodhani pamba yenye spiriti inatosha. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya jaribio la watu waliomenya machungwa, zabibu na kiwi kisha wakapimwa. Waliopimwa bila kunawa walisomwa sukari ya juu sana, na kufuta kidole kwa spiriti hakukuwarudisha kwenye namba ya kweli. Waliosafisha mikono kwa maji ya bomba walisomwa sawasawa. Spiriti huua vijidudu. Sukari huondolewa na maji.

Basi fanya hivi. Nawa kwa sabuni na maji, ya uvuguvugu ukiyapata. Kausha vidole mpaka visibaki na unyevu, kwa sababu maji yakichanganyika na damu huizimua na namba hushuka. Ninginiza mkono chini kwa muda ili damu ishuke vidoleni. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, maana pembeni maumivu ni madogo. Subiri tone lijitokeze lenyewe, au sukuma taratibu kutoka kwenye kiganja kuelekea ncha. Ukikamua kwa nguvu, majimaji ya ngozi huingia kwenye damu. Gusisha ncha ya kijiti kwenye tone na ukiache kivute chenyewe. Ukiwa shambani bila maji, futa tone la kwanza kwa pamba safi na kavu, upime la pili.

Baada ya mikono kuna unyevu. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi zaidi nchini, na unyevu huharibu kimeng'enya cha kijiti. Kopo la vijiti lina dawa ya kufyonza unyevu, ila haifanyi kazi kopo likiachwa wazi. Toa kijiti kimoja, funga papo hapo, ndipo uendelee. Usiweke kopo jikoni karibu na mvuke wala kwenye friji. Siku ya kulifungua, andika tarehe kwa kalamu juu yake: aina nyingi huisha ubora miezi 3 hadi 6 baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe ya kiwandani bado. Ukiuziwa vijiti vichache vilivyotolewa kwenye kopo na kutiwa mfukoni, viache, hata vikiwa rahisi.

Halafu kuna baridi. Mashine nyingi hufanya kazi kuanzia nyuzi joto 10 hadi 40. Asubuhi za Juni na Julai, mashine iliyolala kwenye chumba cha baridi inaweza kugoma au kuonyesha alama ya joto. Iache sehemu yenye uvuguvugu kwa nusu saa. Usiiweke karibu na moto. Vidole navyo vipashwe, maana vikiwa vya baridi damu haitoki vizuri.

Hata ukifanya yote, usitarajie namba mbili zinazofanana kabisa. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kinataka angalau vipimo 95 kati ya 100 visipishane na cha maabara kwa zaidi ya asilimia 15 sukari inapokuwa 5.55 au zaidi. Sukari halisi ikiwa 7, kusoma 6.2 na mara ya pili 7.6 ni hali ya kawaida. Kwa hiyo tazama mwenendo wa siku kadhaa kwenye daftari, pamoja na saa ya kupima na kama ulikuwa umekula.

Upungufu wa damu nao hupotosha. Kwenye mashine nyingi, mwenye damu kidogo kwa sababu ya malaria au ujauzito husomwa sukari ya juu kuliko aliyonayo, na hapo sukari iliyoshuka inaweza kujificha. Ukitetemeka, ukatoka jasho na kuchanganyikiwa, amini mwili: kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, upime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu; awahishwe hospitali. Mashine ikiandika HI au LO, sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Rudia baada ya kunawa, na ikibaki hivyo nenda hospitali bila kungoja.

Kifaa cha kutobolea kiwe cha mtu mmoja, hata ndani ya familia, kwa sababu damu hubeba homa ya ini. Visindano vilivyotumika vitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, uvipeleke kituo cha afya.

Siku ya kliniki, iwe hospitali ya Makandana pale Tukuyu au ya Igogwe, beba mashine, vijiti na daftari. Omba kupimwa maabara ukiwa hujala, na ujipime mwenyewe dakika hiyohiyo. Damu ya maabara ishughulikiwe mapema, kwani ikikaa chupani bila kutenganishwa seli huendelea kula glukosi na namba hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Tofauti ikizidi asilimia 15, fungua kopo jipya la vijiti na urudie. Ikiendelea, badilisha mashine, na dozi iguswe na daktari baada ya hapo.