Kompyuta Hospitalini: Mgonjwa Anafaidika Vipi na Ana Haki Gani?

Mama mjamzito anahudhuria kliniki katika zahanati ya kijijini. Usiku mmoja hali yake inabadilika ghafla na anakimbizwa hospitali ya rufaa, huku kitabu cha kliniki kikibaki nyumbani. Muuguzi anayempokea anataka kujua mambo matatu upesi: kundi lake la damu, vipimo vya presha katika ziara zilizopita, na kama kuna dawa inayomdhuru. Iwapo rekodi zake ziko kwenye kompyuta na vituo hivyo viwili vimeunganishwa, majibu hupatikana kwa dakika chache. Zisipokuwepo, wahudumu huanza upya.

Hiyo ndiyo sababu vituo vya afya nchini vinaacha faili za karatasi. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 iliweka msingi wa mfumo mmoja wa taarifa za afya kwa nchi nzima.

Mfumo unavyofanya kazi

Ukifika mapokezi, karani hutafuta rekodi yako kwa nambari ya kitambulisho. Muuguzi akikupima presha, joto na uzito, huingiza vipimo hivyo moja kwa moja, na daktari huviona kabla hujaketi mbele yake. Akiagiza kipimo cha damu, agizo hufika maabara bila wewe kubeba karatasi, na majibu hurudi kwenye skrini yake. Famasi nayo husoma dawa iliyochapwa, si mwandiko wa kukisia.

Faida hizi zilianza kuonekana hapa Kenya miaka mingi iliyopita. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, Kaunti ya Nandi, kilianza kutumia rekodi za kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Watafiti walipopima muda, walikuta kwamba ziara ya mgonjwa ilikuwa fupi kwa asilimia 22 kuliko awali.

Simu ya kawaida nayo inasaidia. Katika utafiti uliofanywa Kenya kati ya 2007 na 2008, wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU walitumiwa ujumbe mfupi kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida", na aliyekuwa na shida alipigiwa simu na mhudumu. Asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walimeza dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wale ambao hawakutumiwa.

Kompyuta haitibu

Mashine huhifadhi kile ilichoambiwa. Jina likiandikwa vibaya, mgonjwa mmoja hupata faili mbili, na onyo kuhusu dawa inayomdhuru hubaki kwenye ile isiyofunguliwa. Stima au mtandao ukipotea, wahudumu hulazimika kurudi kwenye karatasi, kisha kuingiza taarifa hizo baadaye. Ndiyo maana kitabu cha kliniki na barua ya rufaa bado vina umuhimu.

Siri yako inalindwa na sheria

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazopaswa kulindwa zaidi. Una haki ya kuelezwa taarifa zako zinatumika vipi, kuomba kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukiamini kwamba siri yako imevujishwa, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Unachoweza kufanya

- Beba kitambulisho kila unapokwenda hospitali. Kwa mtoto, beba cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki.
- Toa majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ukibadilisha nambari ya simu, mjulishe karani.
- Mwambie mhudumu kuhusu dawa unazotumia na zile zinazokudhuru, hata kama uliwahi kusema.
- Kabla ya kuondoka, omba usomewe jina, umri na dawa zilizoandikwa.

Ukiona kosa, liseme papo hapo. Kosa lililoandikwa leo ndilo daktari wa kesho atakalolisoma.