Gundi kwenye jointi za marumaru: Hasara inayofunikwa na grauti

WENYE fremu za biashara na nyumba za wageni katika kata ya Bweri, Manispaa ya Musoma, wanaojiandaa kuweka marumaru, wanashauriwa kukagua jointi kabla fundi hajajaza grauti. Ukaguzi huo hauna gharama. Ukirukwa, hasara huonekana baada ya wapangaji na wageni kuingia.

Bweri ndiko iliko stendi ya mabasi ya Musoma, na sakafu za maeneo ya stendi hukanyagwa usiku na mchana. Marumaru nazo hazifiki hapo kwa bei ya kiwandani. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, vilivyoanza uzalishaji katika miaka ya 2010, viko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Musoma, na nauli ya lori humo ndani ya bei ya kila boksi. Kubomoa na kununua upya ni kulipa nauli hiyo mara mbili.

Tatizo huanza marumaru inapokandamizwa. Gundi, au saruji kwa wanaoitumia badala yake, hupanda katika nafasi kati ya marumaru moja na nyingine. Isipotolewa, grauti hukosa pa kukaa na kubaki utando mwembamba juu ya gundi. Utando huo hupasuka na kubanduka, na rangi yake hutokea mabaka. Bafuni, maji hupenya kwenye nyufa na kwenda chini ya sakafu.

Kiwango cha Marekani cha ANSI A108 kinataka angalau theluthi mbili ya kina cha jointi ibaki wazi kwa ajili ya grauti. Kwa marumaru yenye unene wa milimita 9, hizo ni milimita 6.

Malipo kwa mita

Mafundi wengi hulipwa kwa mita ya mraba. Usafi wa jointi hauongezi hata mita moja, hivyo anayeharakisha ndiye anayepata zaidi kwa siku, na gharama humwangukia mwenye nyumba.

Hesabu yake si ndogo. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye marumaru za sentimeta 40 kwa 40 kina jointi zenye urefu wa zaidi ya mita 90. Nyumba ya wageni yenye vyumba 10 vya ukubwa huo inakaribia kilometa moja. Gundi ikiwa bado laini, kijiti chembamba na sponji yenye unyevu kidogo vinatosha kuisafisha kadiri kazi inavyosonga mbele. Ikishakauka, hukwanguliwa kwa kisu, jointi moja baada ya nyingine, na kisu kikiteleza kingo za marumaru humeguka.

Namna ya kujilinda

Njia ya kwanza ni mapatano. Malipo yagawanywe mara tatu: marumaru zikishalazwa, jointi zikishasafishwa na kukaguliwa, na grauti ikishakauka. Sehemu ya pili isitolewe kabla mwenye mali hajapita mwenyewe.

Ukaguzi ni rahisi. Njiti ya kiberiti ichomekwe kwenye jointi katika sehemu kadhaa za chumba, hasa pembeni na bafuni. Ikigota juu juu, gundi bado ipo. Misalaba ya plastiki iwe imetolewa, vumbi lifagiliwe, na muda wa kukauka ulioandikwa kwenye mfuko wa gundi, ambao mara nyingi ni saa 24, uheshimiwe.

Kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi nako kuna biashara. Anayeuza marumaru bila mwiko wa meno, misalaba na sponji anamwacha mteja akamilishe manunuzi kwa jirani. Mwiko wa meno hupunguza gundi inayopanda, na gundi kidogo kwenye jointi ni kazi kidogo ya kukwangua.

Grauti ikishajazwa, kilichomo ndani hakionekani tena. Wakati wa kudai haki ya fedha iliyolipwa ni kabla ya hapo.