Maiki Mbili, Gita Moja na Kelele za Buja

Siku hizi hapa Bujumbura, Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga, hadi Kinindo, hukosi keja imegeuzwa studio: kompyuta, hedifoni, godoro limesimamishwa ukutani, na msee ako na gita. Akisharekodi, gita inatoka imebanwa katikati kama abiria wa nne kiti cha nyuma. Halafu anaskia ngoma ya msee mwingine, gita imejaa masikio yote mbili, anaanza kulia eti ni maiki za doo mob. Zii buda, ni vile zimewekwa.

Cheki, gita haitoi sauti kwa shimo pekee. Kwa shimo kunatoka upepo wa besi, karibu hezi 100, na ukisimamisha maiki hapo mbele utapata mvumo tu. Vidole na mng'ao wa nyuzi viko upande wa shingo. Utamu wa mbao uko chini, karibu na daraja.

Form ya kuanza nayo inaitwa XY. Chukua kondensa mbili ndogo, zile zinakulanga volti 48, pandanisha vichwa vyao moja juu ya ingine vikifungua pembe ya digrii 90, zilenge freti ya 12 ukiwa sentimita 30 hivi. Sauti inafikia zote mbili pamoja, kwa hivyo hakuna vita. Form ya pili ni AB: moja freti ya 12, ingine mbali kidogo, upande wa daraja. Kwa hedifoni hiyo inabamba vinoma, gita inapanuka hadi unashangaa. Ngori ni hii: sauti inatembea kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, maiki moja inaipata ikiwa imechelewa, na ukiziunganisha zinaanza kukulana. Na zitaunganishwa tu, maze. Nani hapa mtaani anaskiza ngoma na spika mbili? Ni simu ya spika moja, ni redio ya dukani. Finya mono kabla uringe. Besi ikikonda, sogeza maiki moja kidogo kidogo hadi irudi.

Kuna ya katikati, ya Wafaransa wa redio ya ORTF: sentimita 17 kati ya vichwa, digrii 110. Kwangu hiyo ndio tamu kuliko zote kama keja haina mwangwi. Lakini keja zetu ni mabati, mvua ikinyesha ni kelele tupu! Kuanzia Juni hadi Septemba mvua haisumbui, huo ndio msimu wa kurekodi. Machi 2022 pikipiki na tuktuk zilitolewa katikati ya mji, ila huku kwetu honi ni zile zile. Rekodi usiku, funga dirisha, vumilia joto.

Na msiniambie hii si stori yetu. 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki hapa Burundi, mwaka uliofuata lebo ya Ocora ikatoa santuri. Dunia ilikimbilia zile ngoma za kifalme, hadi 1971 zikageuzwa kuwa wimbo "Burundi Black". Mimi nashikwanga na inanga ya kunong'ona, ile ala yetu ya nyuzi. Mzee ananong'ona tu, melodi inabebwa na nyuzi, na bado sikio lako linaapa ni yeye anaimba. Nyuzi zina nguvu kuliko mnong'ono, kwa hivyo ukikosea mahali pa maiki, mzee amezama. Hakuna kitufe kwa kompyuta kitamtoa huko chini.

Upande wa Katanga, Kongo, 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, siku hizi Likasi. Gita moja, mono, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikicheza juu, na ukiskiza "Masanga" unaeza apa ni magita mbili. Stirio haikuwepo hapo. Kulikuwa na mkono umeiva na maiki imekaa poa.

Kwa hivyo kama doo ni ya maiki moja, usijistress: freti ya 12, sentimita 30, geuza kichwa kidogo kikae mbali na shimo. Doo ya maiki ya pili, nunua kwanza nyuzi mpya. Hizo za kutu hata XY haiziokoi.