Mwalimu Mchezaji na Wachukuzi Wasio na Majina

Vita havina macho, walisema wahenga. Vita Vikuu vya Kwanza vilimchukua mwalimu mmoja wa Uingereza aliyecheza kandanda, vikawachukua pia vijana wa Meru na Embu kutoka mashambani na malishoni. Mwalimu huyo twajua hata siku aliyofunga ndoa. Vijana wetu, wengi wao, hatuwajui hata kwa majina.

Donald Bell alizaliwa Harrogate mwaka 1890. Alisomea ualimu London, akarudi kwao kufundisha, na mwaka 1912 akasajiliwa na klabu ya Bradford Park Avenue kuwa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1914 klabu hiyo ilipanda daraja la kwanza. Mwaka huo huo vita vilizuka. Bell akaomba ruhusa ya klabu yake, akaingia jeshini.

Tarehe 5 Juni 1916 alioa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Julai, huko Somme, Ufaransa, yeye na wenzake wawili walivuka mahali peupe mbele ya risasi, wakainyamazisha bunduki ya rashasha ya adui. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, lakini alimwandikia mama yake kwamba ilikuwa bahati tu. Tarehe 10 Julai aliuawa akiwa na umri wa miaka 25. Mwaka 2010 chama cha wanakandanda wa kulipwa wa Uingereza kilinunua nishani yake kwa zaidi ya pauni 200,000.

Simwonei kijicho marehemu Bell. Alistahili heshima hiyo. Swali langu ni hili: wetu wako wapi?

Waingereza walikuwa wameiteka Embu mwaka 1906 na kuweka kituo chao Meru mwaka 1908. Hata muongo haujapita, vijana wakatakiwa kubeba mizigo ya jeshi dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1917 machifu waliamriwa kutoa watu kwa wingi. Hao ndio wa Kariakoo, jina lililobaki Nairobi na Dar es Salaam. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliangamizwa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga usioiva. Hesabu rasmi ya wachukuzi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki ilizidi 40,000, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Bell aliacha barua, picha na rekodi za klabu. Mchukuzi alivishwa kibati chenye nambari.

Hata hivyo, nionavyo mimi, si yote yaliyopotea. Huku Embu mtoto hurithi jina la babu yake. Huenda jina la mchukuzi limo katika daftari letu la mahudhurio, nasi twaliita kila asubuhi bila kujua. Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi kazi hii wakati wa likizo: waulize wazee ni nani katika ukoo alikwenda Kariakoo na asirudi, kisha waandike. Nanyi wanafunzi, msingoje tume ya ng'ambo iwatafutie babu zenu.