Mnara wa Kilomita 36,000: Sayansi Iliyoikuza DStv

Madishi ya DStv, televisheni ya kulipia ya setilaiti, mjini Nakuru huelekezwa juu sana, karibu utosini. Setilaiti inayohudumia Afrika Mashariki iko juu ya ikweta, kwenye longitudo ya digrii 36 Mashariki, na mstari wa longitudo hiyo unapita jirani na mji wenyewe. Kwa hiyo mnara wa DStv wa eneo letu umesimama juu ya Bonde la Ufa, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini.

Kimo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati. Setilaiti iliyo chini huzunguka dunia kwa muda mfupi na kupotelea upeoni. Ikifika kilomita 35,786, mzunguko mmoja huchukua saa 23 na dakika 56, muda uleule ambao dunia hutumia kujizungusha. Kwa hiyo huonekana imetulia mahali pamoja, na fundi akishalifunga dishi hana haja ya kulizungusha kuifuata setilaiti. Tena, kutoka huko juu huona zaidi ya theluthi moja ya uso wa dunia.

Kituo cha televisheni ya kulipia cha M-Net kilipoanza Afrika Kusini mwaka 1986, kilitegemea minara ya ardhini, na kila eneo jipya lilidai mtambo wake. MultiChoice, kampuni iliyochipuka kutoka M-Net, ilizindua DStv mwaka 1995 kwa mfumo wa dijitali, na hapo ndipo ukuaji ulipopata mbawa. Katika analogi, transponda moja, yaani kifaa cha setilaiti kinachopokea mawimbi na kuyarudisha ardhini, kwa kawaida ilibeba chaneli moja. Dijitali iliifanya ibebe kadhaa, kwa kutotuma tena kile ambacho mtazamaji amekwisha kukipata. Kwenye mechi, winga akikimbia pembeni, nyasi na majukwaa hubaki karibu vilevile kati ya picha moja na inayofuata. Kinachotumwa zaidi ni mabadiliko, na king'amuzi huijenga picha upya.

Jambo jingine lilikuwa mawimbi ya Ku, yenye urefu wa sentimita 2.5 hivi. Kwa kuwa ni mafupi, dishi lisilofika mita moja linatosha kuyakusanya, ilhali mawimbi ya C yaliyotangulia yalihitaji dishi la mita mbili au tatu. Faida hiyo ina gharama yake: matone ya mvua kubwa huyanyonya na kuyatawanya mawimbi mafupi, ndiyo sababu masika picha huganda. Dishi pana zaidi hukusanya nguvu ya ziada ya kuvumilia mvua.

Hata malipo hupitia angani. Mteja akilipia kifurushi kwa simu, amri hupandishwa hadi setilaiti na kushushwa kwa ving'amuzi vyote, lakini hutiiwa na kile tu chenye namba iliyotajwa. Ndiyo maana huambiwa awashe king'amuzi kwanza: kikiwa kimezimwa, hakiisikii amri hiyo.

Mnara huu wa angani nao huzeeka. Mvuto wa jua na mwezi huisukasuka setilaiti, nayo hutumia mafuta kujirudisha mahali pake. Mafuta yakiisha, kazi imekwisha. Kwa ajili ya digrii 36, kampuni ya setilaiti ya Eutelsat ilirusha W4 mwaka 2000, kisha W7 mwaka 2009, ambayo baadaye iliitwa 36B. Machi 2024 ikarushwa 36D kuirithi.

Leo filamu na michezo hutazamwa pia kwa intaneti, ushindani umekuwa mkali, na mwaka 2025 Canal+ ya Ufaransa iliinunua MultiChoice. Wapo wanaoona dishi limepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Kwenye intaneti, kila mtazamaji kwa kawaida hutumiwa nakala yake, hivyo mechi ikitazamwa na watu milioni, mzigo wa mtandao hukua pamoja nao. Setilaiti hutuma mara moja tu. Kaya ya milioni hupokea bila kumpunguzia yeyote, iwe mjini Nairobi au kijiji kisicho na nyaya za faiba. Sifa hiyo ndiyo iliyoikuza DStv, nayo haijachakaa. Wanaopanga mustakabali wa utangazaji wetu waipe intaneti kazi ya kumpa kila mtu anachotaka kwa wakati wake, na setilaiti waiachie kazi ya kutufikia sote kwa pamoja. Kuizima mapema ni kuwaadhibu walio mbali na faiba kwa sababu tu ya mahali wanapoishi.