Ave Africa (mkusanyiko wa Sunburst)

Ave Africa: The Complete Recordings 1973–1976 ni albamu ya mkusanyiko wa rekodi za Sunburst, bendi ya muziki wa roki wa Kiafrika iliyoanzia Dar es Salaam, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkusanyiko huo ulitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Strut Records ya Uingereza, miaka 40 baada ya kutoka kwa albamu pekee ya bendi hiyo.

Mkusanyiko una sehemu tatu: santuri ndogo za mwanzo za bendi, albamu ya *Ave Africa* ya mwaka 1976, na nyimbo zilizorekodiwa kwa ajili ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Neno "Ave" ni la Kilatini, lenye maana ya salamu. Wengi wanalijua kutokana na sala ya "Ave Maria".

Umuhimu wake hauko katika muziki tu. Unaonyesha pia jinsi kazi ya bendi inavyoweza kusahaulika katika nchi yake yenyewe, pale ambapo nchi hiyo ina redio na wanamuziki wengi lakini haina kiwanda cha santuri.

== Bendi ==

Sunburst iliundwa na wanamuziki wenye asili ya nchi mbalimbali, zikiwemo Tanzania na Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo). Miongoni mwao walikuwa James Mpungo (mwimbaji), Hembi Flory Kongo (gitaa), Kassim Magati (kinanda), Bashir Idi Farhan (gitaa la besi) na Johnny Rocks (ngoma).

Kama zilivyofanya bendi nyingine za Tanzania, Sunburst iliupa mtindo wake jina: Kitoto. Desturi hiyo ni ya muda mrefu katika muziki wa dansi. Kila bendi hujitambulisha kwa mtindo wake, kama vile Msondo wa NUTA Jazz na, baadaye, Sikinde wa Mlimani Park Orchestra.

== Mazingira ya wakati huo ==

Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi kubwa za dansi zilikuwa chini ya taasisi za umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Jeshi la Polisi lilikuwa na Polisi Jazz, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Taasisi ilinunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mishahara. Bendi isiyo na taasisi nyuma yake ililazimika kutegemea hoteli na kumbi za starehe.

Vijana wa mjini walipenda pia muziki wa soul na roki kutoka Marekani na Uingereza, lakini mapenzi hayo yaligongana na siasa ya utamaduni wa taifa. Mwaka 1962 Rais Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana ili kufufua mila zilizodharauliwa wakati wa ukoloni. Mwaka 1969 ilianza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam.

Katika mazingira hayo, bendi iliyopiga magitaa ya roki ilipaswa kuonyesha kwamba muziki wake ni wa Kiafrika. Majina ya nyimbo za Sunburst yanadokeza njia waliyoichagua: "Enzi za Utumwani" linataja historia ya utumwa, na "Black Is Beautiful" linabeba kaulimbiu ya watu weusi wa Marekani iliyosikika sana miaka hiyo.

== Muziki ==

Bendi za dansi za wakati huo zilijengwa juu ya magitaa kadhaa yanayojibizana pamoja na saksafoni na tarumbeta. Wimbo wa dansi mara nyingi huanza polepole, mashairi yakiimbwa kikamilifu, kisha huingia sehemu ya kuchemka ambamo magitaa huongeza kasi na watu hucheza.

Sunburst walikuwa na mpangilio tofauti. Kinanda cha umeme na gitaa lenye mlio wa kukwaruza vilichukua nafasi kubwa, na mapigo ya ngoma yalichanganya roki, soul na fanki na midundo ya Tanzania na ya Zaire. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

== Kwa nini rekodi zilitawanyika ==

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi iliyotaka santuri iliangalia zaidi Nairobi, Kenya, kulikokuwa na studio, viwanda na wafanyabiashara wa muziki. Kampuni ya Filamu Tanzania (TFC) ilipewa jukumu la kusimamia santuri nchini, lakini mpango wa kuwa na kiwanda cha ndani haukukamilika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa, hivyo hata njia ya Nairobi ikawa ngumu.

Kwa bendi nyingi, mahali pakuu pa kurekodi palikuwa studio za RTD. Bendi ilipiga wimbo wote kwa pamoja, fundi mitambo akaurekodi kwenye kanda ya sumaku, na wimbo ukarushwa hewani. Kwa msikilizaji wa Singida, aliye zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam, redio ilikuwa njia rahisi zaidi ya kuzisikia bendi za pwani. Lakini kilichorushwa hewani hakikuweza kununuliwa dukani. Kanda ilirudi rafuni, na wimbo uliishi kadiri ulivyoendelea kupigwa.

Sunburst baadaye walihamia Zambia. Huko kulikuwa na wimbi kubwa la roki, lililopewa baadaye jina la Zamrock, lenye bendi kama WITCH, Amanaz na Musi-O-Tunya. Ni wakati wa kipindi hicho cha Zambia, mwaka 1976, ambapo albamu ya *Ave Africa* ilitoka. Kwa hiyo kazi ya bendi moja ilibaki vipandevipande: kanda katika maktaba ya redio Dar es Salaam, na santuri mikononi mwa watu wachache waliozinunua na kuzitunza.

== Kutoka kanda hadi mkusanyiko ==

Kutoa upya muziki wa zamani huanza kwa kutafuta nakala bora iliyopo. Inayopendelewa ni kanda mama, yaani kanda ya kwanza iliyotoka studio. Ikikosekana, hutafutwa santuri iliyochakaa kidogo kuliko zote.

Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi. Joto na unyevu, vinavyopatikana kwa wingi katika miji ya pwani, huidhoofisha gundi hiyo. Unga ukianza kubanduka, sauti hubanduka nao. Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 hazina budi kukaushwa kwa joto la wastani kabla ya kupigwa, la sivyo hunata kwenye mashine.

Mwendo nao ni muhimu. Kanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde ikipigwa kwa sentimita 19, wimbo huchukua muda mara mbili na sauti zote hushuka kwa oktavu nzima. Baada ya hapo sauti huhifadhiwa kidijitali, mikwaruzo hupunguzwa, na nyimbo za vyanzo tofauti hurekebishwa ili zisikike vizuri zikifuatana.

Kazi nyingine ni ya kutafuta watu. Hakimiliki ya wimbo na haki ya rekodi ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi viko kwa watu wawili tofauti. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki za mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo wimbo wa mwaka 1973 una mwenyewe hata leo, awe mtunzi au warithi wake, ingawa kanda iko kwenye maktaba na santuri haijauzwa kwa miongo mingi.

== Nafasi yake katika historia ya muziki ==

*Ave Africa* si mkusanyiko wa kwanza wa muziki wa zamani wa Tanzania kutolewa Ulaya. Mfululizo wa *Zanzibara* wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ulioanza mwaka 2005, umetoa taarab ya Zanzibar na Mombasa pamoja na dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960 na baadaye. Tofauti ni kwamba mikusanyiko hiyo imejikita katika taarab na dansi. Rekodi za Sunburst zinathibitisha kwamba roki nayo ilipigwa na kutungwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, katika miaka ya Ujamaa.

Mkusanyiko umeirudisha bendi hiyo kwa wasikilizaji, lakini kwa kupitia kampuni ya nje. Maktaba ya RTD, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), ina maelfu ya kanda za bendi, kwaya, ngoma na taarab za nchi nzima. Katika miaka ya 2010 kikundi cha Tanzania Heritage Project kilifanya kampeni ya kuziweka katika mfumo wa kidijitali. Sunburst walikuwa na santuri zilizovuka mipaka na hatimaye kupata mtu wa kuzitoa upya. Vikundi ambavyo havikuwahi kupata santuri vimebaki kwenye kanda hizo pekee, na kanda haisubiri.

== Tazama pia ==

* Muziki wa dansi
* NUTA Jazz Band
* Operesheni Vijana
* Shirika la Utangazaji Tanzania
* Taarab
* Zamrock