Marudio ni ya Nani? Utangulizi

Anayetaka kujua kwa nini wafanyabiashara huchelewa kushika njia zinazolinda mazingira namkaribisha aanzie kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga. Jibu la haraka, kwamba wachimbaji wadogo hawajui madhara, halifiki mbali. Wengi wamekwisha kusikia kuwa zebaki ni sumu. Wanaendelea nayo kwa sababu hesabu inawalazimu.

Tuipitie hesabu hiyo. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hupelekwa kwenye karasha yakasagwa, unga ukaoshwa mwaloni, kisha zebaki ikanasa chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, mara nyingi kwenye moto wa wazi. Zebaki hupaa, dhahabu ikabaki. Jioni hiyohiyo kuna cha kuuza na watu wa duara wanagawana. Ila zebaki huacha dhahabu nyingi, pengine zaidi ya nusu, ndani ya marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuoshwa. Nayo marudio, kwa desturi ya machimbo mengi ya Kanda ya Ziwa, hubaki kwa mwenye karasha, akayachenjua upya kwa sayanaidi. Fundo liko hapo. Mwenye mtaji wa kununua mtambo bora ndiye anayenufaika na udhaifu wa njia ya zamani. Mchimbaji, ambaye angenufaika na mabadiliko, hana mtaji wala akiba ya kumvusha siku za kusubiri.

Mwaka 1920 mwanauchumi Arthur Pigou alieleza gharama ambazo mzalishaji humtwika mtu mwingine. Mvuke wa zebaki huvutwa na mchomaji na jirani yake. Marudio yenye zebaki yakitiwa sayanaidi, sumu husafiri kwa wepesi zaidi majini. Hayo hayaandikwi katika daftari la mwenye karasha. Mwaka 1995 wasomi Michael Porter na Claas van der Linde walidai kuwa sheria iliyotungwa vizuri humwamsha mfanyabiashara aone faida aliyokuwa akiitupa. Hoja yao naiheshimu, lakini hapa inakwama: dhahabu ya marudio haitupwi, inahama mfuko.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina vituo vya mfano Lwamgasa na Katente, mkoani Geita, vya kuonyesha uchenjuaji usiotumia zebaki. Ni kazi njema. Hata hivyo, kumwonyesha mtu mtambo hakumpi marudio yake.

Shinyanga yenyewe ina ushahidi wa upande wa pili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, na miti ikarudi kwenye ardhi iliyokuwa uchi. Watu waliitikia kwa sababu malisho ya kiangazi, kuni na fito vilimrudia mwenye ngitili au kijiji chake.

Sura ya kwanza inaanza na makubaliano ya mdomo kati ya mwenye duara, wachimbaji na mwenye karasha: nani anachukua marudio, na kwa malipo gani.